Mkebe wa Mboga na Chupa ya Mafuta Katika Kapu la Ramadhani

 

Shaabani imekwisha kuingia na tayari tumeanza kuulizwa habari za makapu. Juma hili tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya tambi. Tumeziahirisha, kwa kuwa liko jambo tumetembea nalo moyoni tangu Shawwali iliyopita, na tukilinyamazia tena mwaka huu tutalirudia kosa lile lile kwa mikono ile ile.

Kapu tulilolitoa mwaka jana wengi wenu mnalikumbuka, maana ni nyinyi mliolichangia. Lilikuwa na unga wa ngano, mchele, sukari, tende, tambi, mikebe kumi na miwili ya mboga, na mafuta ya kuganda kilo mbili. Lilipendeza. Mikebe ilipangwa juu, lebo zikitazama nje, picha zikapigwa, na sisi tulijisifu kimoyomoyo kwamba safari hii hatukumpa mtu vitu vya kupepeta na kuchagua mawe.

Baada ya Idi tulikwenda kuwajulia hali baadhi ya waliopelekewa. Mmoja wao ni bibi, mtu mzima sana, anayeishi na mjukuu wake wa kike. Tulimkuta barazani, miguu ameinyoosha juu ya kibao. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imechomekwa pembeni ya kioo, na ndani yake yameandikwa mambo mawili: apunguze chumvi, apunguze mafuta. Mwezi mzima presha yake ilikuwa juu. Tulipomuuliza alikuwa akifuturu kwa nini, alituonyesha. Mikebe saba alikwisha kuila, mitano ilikuwa chini ya kitanda. Mafuta yalikuwa yamebaki robo.

“Niliambiwa nisile,” alisema, “lakini vilikuwa vya sadaka, wanangu, na sadaka hairudishwi.”

Hatudai kwamba ni kapu letu lililompandisha presha. Mtu mzima ana sababu nyingi, na dawa zenyewe kuna siku alikuwa akizikosa. Ila tulirudi nyumbani kimya, na tangu siku ile tumekuwa tukizisoma lebo za vyakula kama mtoto wa chuoni anayeanzishwa alifu kwa kijiti. Haya tunayowaandikia leo ni tuliyoyaokota humo.

Wachangiaji wetu hutuuliza swali moja kila mwaka: baina ya mboga za mkebe na mafuta ya kupikia, kipi kina lishe zaidi, ili pesa ziende huko? Swali ni zuri, lakini limejengwa upogo. Tuchukue gramu mia moja za kila kimoja. Njegere za mkebe, zikishamwagwa maji yake, zina kalori zipatazo 70, protini gramu nne hivi, na nyuzinyuzi kiasi kama hicho. Tungule za mkebe hazifiki hata kalori 35. Mafuta, yawe ya aina yoyote, yana kalori zinazokaribia 900, bila protini, bila nyuzinyuzi, na bila madini ya kuhesabika. Anayetazama nguvu peke yake atasema mafuta yameshinda mara kumi na mbili. Anayetazama protini na nyuzinyuzi atasema mafuta hayamo hata mashindanoni. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na bibi yetu hatakuwa amesaidika.

Isitoshe, hakuna anayekaa mkekani akala gramu mia za mafuta. Mafuta huliwa kwa kijiko, mboga kwa bakuli. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina uzito wa gramu 14 hivi na kalori 120. Mkebe wa njegere au wa dengu wa gramu 400 ukiumwaga maji unabakiwa na gramu zipatazo 240 tu za kutafuna. Kinachosalia ni maji tuliyoyalipia kwa bei ya mboga. Ndiyo maana tukaamua kuacha kuuliza kipi kimeshinda, tukaanza kuuliza: katika mkebe kumejificha nini, na katika chupa kumejificha nini?

Kilichojificha katika mkebe ni chumvi.

Wengi wetu tulikuwa tukidhani kwamba chumvi hutiwa ili mboga isiharibike, kama tufanyavyo kwa ng'onda na papa. Sivyo. Mkebe huhifadhiwa kwa moto na kwa kufungwa usipate hewa. Mfaransa Nicolas Appert, aliyeugundua ufundi huu na kutuzwa na serikali yake faranga 12,000, aliutangaza katika kitabu mwaka 1810 akitumia chupa za kioo, na mwaka huo huo Peter Durand akasajili huko Uingereza haki ya kutumia vyombo vya bati. Vijidudu huuawa na joto ndani ya chombo kilichozibwa. Chumvi katika mboga za mikebe ni ya kuleta ladha, ndiyo maana iko mikebe isiyotiwa kabisa na inakaa rafuni miaka sawa na mingineyo.

Sasa tufanye hesabu ya yule bibi. Mboga za mkebe zilizotiwa chumvi aghalabu huwa na sodiamu baina ya miligramu 200 na 400 kwa kila gramu 100. Tuseme 300. Akila mkebe mmoja kwa siku, zile gramu 240, amepata miligramu 720 za sodiamu. Ili kuigeuza sodiamu kuwa chumvi unazidisha kwa mbili na nusu: hiyo ni chumvi ya karibu gramu 1.8. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku nzima, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Zaidi ya theluthi imekwisha kuingia kabla hajauonja mchuzi, kabla ya mkate, na kabla ya vile viungo vya pakiti ambavyo vyenyewe ni chumvi iliyovishwa kanzu ya rangi. Na huyu ni mtu aliyeambiwa apunguze.

Dawa ya kwanza ni nyepesi na haina gharama. Mimina mboga ya mkebe katika chujio, mwaga maji yote, kisha isuuze kwa maji safi ya bomba ukiigeuzageuza. Kwa maharagwe na dengu njia hii huondoa sodiamu ipatayo theluthi, na mara nyingine zaidi. Kweli, baadhi ya vitamini zinazoyeyuka majini nazo zitakwenda na maji hayo, lakini kwa mwenye presha tunaona biashara hiyo ina faida. Maharagwe ya sosi hayasuuziki vizuri, na yana sukari juu ya chumvi. Hayo tumeamua kuyaacha kabisa.

Lebo nazo si za kupuuzwa. Tulipoziweka mezani aina mbili za tungule za kopo zilizosagwa nzito, zile za kuungia pilau na mchuzi, tulishangaa. Za aina hiyo zisizotiwa chumvi huwa na sodiamu ya miligramu 60 hivi kwa gramu 100. Zilizotiwa zinaweza kufika karibu 800. Rangi ni moja, ukubwa mmoja, na mtu asiyevaa miwani hawezi kuzitambua. Mtume mjukuu akusomee. Na kwa mikebe iagizwayo kutoka nje, asome pia viungo vyote mpaka mwisho, kwa kuwa katika nchi nyingine maharagwe ya mkebe hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, na kuona picha ya maharagwe matupu hakutoshi kuwa ushahidi.

Tusiuonee mkebe lakini. Kuna wanaosema kwamba mboga za mkebe ni maiti, hazina kitu ndani. Huo ni uzushi. Vitamini C ndiyo inayopungua sana kwa joto. Nyuzinyuzi hubaki, madini hubaki, na ile asili ya vitamini A iliyo katika karoti na mboga za majani hustahimili moto kwa sehemu kubwa. Tungule ndizo zenye ajabu: ile rangi yake nyekundu, ambayo wataalamu huiita laikopeni na kuihesabu katika vitu vyenye manufaa mwilini, hunyonywa vizuri zaidi ikiwa zimepikwa na kupata mafuta kidogo kuliko zikiliwa mbichi. Na tuulize kwa haki: mchicha uliochumwa juzi, ukakaa juani ukingoni mwa barabara, ukinyunyiziwa maji ili ujifanye mbichi, vitamini C yake imebaki kiasi gani? Mkebe una mahali pake. Wakati wa mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, watu wa Tana River walipokuwa wamehama nyumba zao na kuni zote zimelowa, mkebe unaofunguliwa na kuliwa papo hapo ulikuwa na thamani ambayo gunia la kunde kavu halikuwa nayo.

Sasa tuigeukie chupa. Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tulipodanganyika zaidi.

Neno la kwanza linalotupumbaza ni lile liandikwalo kwa herufi kubwa kwamba mafuta haya hayana kolesteroli. Kolesteroli hutoka katika wanyama. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kutajika, si haya wala ya jirani yake. Kuliandika neno hilo kwenye chupa ya mafuta ya mawese ni kama kuandika kwenye gunia la mchele kwamba halina miba ya samaki. Ni kweli, lakini ni kweli isiyokusaidia kuchagua. Tunamjua mama aliyekuwa akimimina mafuta mara mbili ya zamani kwa sababu “haya ni ya afya.” Kalori ni zile zile 120 kwa kijiko. Katika hilo alizeti, mawese, nazi, zeituni na mahindi ni ndugu wa tumbo moja.

Wanapoachana ni katika aina ya mafuta yaliyo ndani yake. Kuna yale yanayoitwa mafuta yaliyoshiba, ambayo tabia yake ni kuganda, na ambayo yakizidi huongeza ile kolesteroli mbaya katika damu hata kama chakula chenyewe hakikuwa nayo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mafuta haya yasizidi asilimia kumi ya nguvu za siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Tukivipima vijiko vyetu, kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kina gramu zipatazo 11 au 12 za mafuta yaliyoshiba. Cha samli, nane hivi. Cha mawese, sita au saba. Cha mafuta ya zeituni au ya mahindi, mbili. Cha alizeti, moja na nusu. Vijiko viwili vya mafuta ya nazi vimeimaliza haki ya siku nzima.

Tunajua kwamba tumelitia mguu tui la watu. Sisi ni Wapwani. Nazi ni mchuzi, ni wali, ni mbaazi, ni nywele za bi harusi. Hatuwaambii muache tui, kwa sababu sisi wenyewe hatutaacha. Tunachokataa ni maneno yaliyoenea siku hizi kwamba mafuta ya nazi ni dawa ya moyo na mtu anaweza kuyanywa kwa kijiko asubuhi. Nazi ihesabiwe kama inavyohesabiwa samli. Kwa mwenye presha au kolesteroli, mbaazi zipikwe kwa tui la pili, lile jepesi, kasimele itiwe kidogo mwishoni kwa ajili ya harufu na weupe, na siku hiyo mahamri ya kukaangwa yapumzike, yaletwe mkate.

Mafuta ya kuganda tuliyoyatia kapuni mwaka jana yanahitaji maneno yake. Zamani mengi yaligandishwa kwa kutiwa haidrojeni, na kazi hiyo ikifanywa nusunusu huzaa mafuta yaitwayo transi, ambayo ni mabaya kuliko hata yaliyoshiba: huipandisha kolesteroli mbaya na kuishusha ile nzuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula vya viwandani kufikia 2023. Si kila mafuta ya kuganda yanayouzwa leo yana transi. Mengine hugandishwa kwa kutumia sehemu nzito ya mawese. Lakini hata hayo, karibu nusu yake au zaidi ni mafuta yaliyoshiba. Sisi tuliyachagua kwa kuwa hayamwagiki garini. Ndiyo sababu yetu yote. Hatuna nyingine ya kuwapa.

Na yale tuyaitayo mafuta ya saladi? Yakiandikwa kwamba ni mafuta ya mboga bila kutajwa mmea gani, hapa Kenya aghalabu huwa ni mawese yaliyosafishwa, yaliyokuja kwa meli kutoka Malaysia au Indonesia kupitia bandari yetu wenyewe. Jamaa zenu wa Nairobi huyatambua mwezi wa Julai, chupa inapofanya ukungu kwa baridi. Hapa Mombasa joto huificha siri hiyo mwaka mzima. Mawese si sumu, na ndiyo yanayofikiwa na mfuko wa wengi, lakini asiyataje mtu kuwa ni alizeti kwa kuwa tu chupa ina picha ya ua.

Lipo jambo jema ambalo sheria imetufanyia. Tangu mwaka 2012 mafuta ya kupikia yanayofungashwa nchini yanatakiwa yatiwe vitamini A, kama unga wa mahindi na wa ngano unavyotakiwa utiwe vitamini na madini yake. Lakini vitamini hiyo haipendi mwanga wala moto wa kurudiarudia. Mafuta ya kupima, yanayokaa katika dumu lililo wazi kwenye mlango wa duka jua likiyapiga, huipoteza kidogo kidogo. Na hayo ndiyo anunuayo mwenye shilingi ishirini. Maskini hupunjwa hapo bila mtu kumpunja kwa makusudi. Kwa hiyo mafuta ya kapuni yatakuwa ya chupa iliyofungwa na yenye alama ya urutubishaji, hata kama kwa pesa zile zile tungepata dumu la kugawa.

Karai nalo litajwe, maana Ramadhani ndio mwezi wake. Sambusa, bajia, kaimati, katlesi, viazi vya karai. Kisha mafuta yale yale kesho, na kesho kutwa, mpaka yawe meusi kama kahawa ya barazani. Mafuta yakigeuka rangi, yakifanya povu, yakitoa moshi kabla ya wakati wake, yamekwisha kuharibika na vitamini A yake imekwenda zamani. Yachuje baada ya kukaanga, yafunike, usiyachanganye na mapya, na yakifika hapo yatupe ijapokuwa mkono utauma. Hesabu yake ni hii. Chupa ya lita mbili ina vijiko vikubwa vipatavyo 133. Nyumba ya watu watano ikiitumia siku thelathini, kila mmoja anapata pungufu kidogo ya kijiko kwa siku, na hilo halina ubaya wowote. Ikiisha kwa siku kumi kwa ajili ya karai, ni zaidi ya vijiko viwili na nusu kwa kila kichwa, mtoto na bibi mle mle.

Hata hivyo msiyafanye mafuta kuwa adui. Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na tumbo haliwezi kuzichukua ipasavyo bila hayo. Mchicha uliochemshwa mtupu, hata ungekuwa fungu zima, hautoi kile utoacho ukiungwa kwa kijiko cha mafuta na kitunguu. Na mtoto aliyeanza kulishwa anahitaji mafuta zaidi yetu ukilinganisha na umbo lake. Kijiko kidogo katika uji wake kina kazi kubwa. Chupa na mboga, kumbe, havikuwa washindani hata siku moja.

Tulipoyaeleza haya kwenye kikao cha juma lililopita, ndugu yetu mfanyabiashara anayetuletea mikebe kwa bei ya jumla kila mwaka hakuridhika. “Mtu mzima mnampa mbaazi kavu,” alisema, “na makaa atayapata wapi?” Tulikaa na swali hilo mpaka adhana ya Alasiri, kwa sababu lilikuwa la haki. Kilo moja ya mbaazi kavu ikipikwa huwa kama kilo mbili na robo hadi mbili na nusu, yaani sawa na mikebe tisa au kumi ya gramu 240 za kutafuna. Faida iko wazi. Lakini mbaazi zisizorowekwa hula makaa saa mbili nzima, na bei ya makaa mnaijua. Basi ziroweke usiku kucha, ubadilishe maji, uzichemshe zikisha kutokota vizuri uzifunge sufuria kwa blanketi au kanga nzito saa mbili tatu, ndipo uzimalizie motoni kidogo. Msitie magadi ili ziive haraka: magadi huiua vitamini B1, tena nayo ni sodiamu, mkawa mmeikimbia chumvi mlangoni na kuikaribisha dirishani. Asiyeweza hata hayo apewe pojo, ambazo huiva upesi bila kurowekwa.

Hivyo mwaka huu makapu yatakuwa ya namna mbili, na ndugu yetu amekubali, ingawa kwa shingo upande. Nyumba zenye watoto zitapata mafuta lita mbili ya chupa, ya alizeti yakipatikana kwa bei inayofaa na ya mawese yasipopatikana, pamoja na mbaazi, kunde na pojo, na makopo madogo ya tungule zisizotiwa chumvi. Wazee na wagonjwa watapata mafuta lita moja, pojo na dengu kavu, na badala ya mikebe, bahasha ya pesa za mboga kila Ijumaa kwa wiki nne, wajinunulie wenyewe mchicha, tungule na ndimu. Mikebe michache ya dengu na njegere tutaiweka akiba kwa asiye na jiko au aliye kitandani, na anayeipeleka ndiye atakayeisuuza. Mtu mwenye maradhi ya figo asiifuate safu hii. Kwake hata tungule na kunde huhesabiwa, kwa hiyo tutamuuliza kwanza alivyoambiwa na daktari wake. Wanaoandikisha majina wataongeza swali moja katika daftari: je, nyumbani kuna mwenye presha, sukari au figo?

Kuhusu michango, anayetaka kuleta mafuta ya kuganda tunamuomba kwa heshima atupe thamani yake. Mikebe ya maharagwe ya sosi mliyokwisha kuinunua kaeni nayo. Wapeni vijana wenu wa bweni.

Yule bibi tulimrudia Jumatano. Mitano ile bado ilikuwa chini ya kitanda. Tuliitoa mmoja mmoja pamoja na mjukuu wake, tukamfundisha asome tarehe na abonyeze kifuniko kwa kidole. Mitatu ilikuwa salama, na tulimwonyesha namna ya kuisuuza, na kwamba ukifungua mkebe kinachobaki kihamishiwe bakulini na kufunikwa. Miwili ilikuwa imeota kutu pembeni na kuvimba juu. Mkebe uliovimba haufunguliwi, hauonjwi, wala hapewi paka. Sumu inayoweza kuwamo haina harufu. Tuliifunga katika mfuko tukaondoka nayo, na bibi akatuuliza kama hiyo sasa ndiyo sadaka iliyorudi.